Korosho haikuokolewa na mnada wa mtandaoni

Tangu Oktoba 2024, mkulima wa Tandahimba akienda mnadani haoni tena sanduku la zabuni likifunguliwa na bahasha zikisomwa moja baada ya nyingine. Anaona skrini. Wanunuzi wanaweka bei zao kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo kule kusini kila mtu analiita TMX, na mnada wa kwanza wa aina hiyo ulipofungwa kilo ya korosho ghafi ilikuwa imevuka shilingi 4,000. Msimu wenyewe ukaisha kwa mavuno ya zaidi ya tani 500,000, kiasi ambacho nchi hii haikuwahi kukifikia. Mambo mawili yakitokea pamoja, watu huyafunga kamba moja. Redioni, kwenye vikao vya halmashauri na kwenye makundi ya WhatsApp hadithi ikawa kwamba teknolojia imemkomboa mkulima wa korosho, na kwamba akili mnemba iko njiani kuja kumalizia kazi.

Mimi nakubali nusu ya hadithi hiyo. Teknolojia ndiyo iliyoinua korosho, lakini ile ya kwenye skrini ilikuta kazi imekwisha kufanyika. Iliyofanya kazi ni unga wa njano wa salfa, pamoja na maarifa kuhusu ugonjwa mmoja wa ukungu yaliyokusanywa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kwa zaidi ya miaka arobaini na watu ambao hakuna anayewapigia makofi mnadani. Sayansi hukuza uchumi wa nchi maskini pale inapokaa mahali, ikalipiwa mwaka hadi mwaka, na ikawa na watu wanaoijua shida ya mahali hapo kama mama anavyoijua homa ya mwanawe. Teknolojia inayonunuliwa kama sanduku lililofungwa, liwe kiwanda au programu ya simu, hufa pale watu hao wasipokuwepo. Naitumia korosho kama ushahidi kwa sababu zao hilo moja, katika wilaya zilezile, limeyaona yote mawili.

Turudi nyuma. Mkorosho wenyewe ni mgeni aliyeletwa na Wareno kutoka Brazil, akazoea mchanga wa pwani na kusini hadi tukasahau kwamba alihamia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000 na ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 17,000 hivi. Anguko hilo lina baba wengi. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiopaliliwa chini hugeuka pori ambalo hakuna anayeingia kuokota. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo kiasi kwamba wengi waliona heri kulima muhogo wa kula. Halafu likaja la tatu, ambalo halikuwa na uhusiano na siasa wala bei. Mwaka 1979 iliripotiwa kwamba mikorosho ya kusini ina ugonjwa ambao baadaye wakulima waliuita ubwiriunga. Ukungu mweupe hutua kwenye majani machanga na kwenye maua, katika miezi ileile ya baridi ambayo mkorosho hutoa maua yake. Ua hukauka kabla halijashika korosho. Mti unabaki umesimama, kijani, mzima kwa macho ya mpita njia, na hauzai.

Salfa haikuwa siri. Wakulima wa zabibu wa Ulaya walikuwa wakiitumia dhidi ya ukungu wa jamii hiyo tangu karne ya 19. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba Tanzania ilihitaji tu kuagiza magunia ya salfa na kuyagawa. Ila mzabibu ni mmea wa kimo cha mtu, na mkorosho uliokomaa una mwavuli mpana kuliko nyumba. Unga utafikaje kileleni? Uanze kupulizwa lini, maua yakichomoza au yakishafunguka? Upulizwe mara ngapi kabla gharama haijala faida yote? Kiasi gani kwa mti? Maswali hayo hayakuwa na jibu katika kitabu chochote cha Ulaya. Yalijibiwa Naliendele, mti kwa mti na msimu kwa msimu, na watafiti wa Kitanzania na wenzao wa nje waliohesabu maua yaliyougua na yaliyopona. Palepale zikachaguliwa na kuzalishwa aina bora za mikorosho, zaidi ya 50 hadi sasa, na ufundi wa kubebesha miche ukashushwa hadi kwenye vitalu vya vijijini. Tena watafiti hawakuishia kuisifu dawa yao. Miaka ya 1990 walianza kupima udongo chini ya mikorosho iliyopuliziwa kwa miaka mingi, wakakuta salfa inauongezea tindikali, nalo likawa jambo la kuangaliwa. Mtu aliyekuja kuuza dawa na kuondoka hawezi kugundua hilo. Anayeligundua ni yule ambaye bado yupo mwaka wa kumi.

Alfajiri moja ya mwezi wa saba nilifuatana na mpuliziaji huko Newala, kwenye uwanda wa Makonde ambako baridi ya asubuhi huwashangaza watu wa Dar es Salaam. Saa kumi na moja majani yalikuwa yanadondosha umande. Alijifunga kitambaa puani, akabeba mashine mgongoni, akavuta kamba mara tatu ndipo injini ikaitika. Kabla ya kuanza alitupa kiganja cha vumbi hewani kuona upepo unaelekea wapi. Wingu la njano lilipanda ndani ya mti, likatulia, likashikamana na majani yaliyolowa, naye akahamia mti wa pili. Macho yalikuwa yananiwasha hata nikiwa mbali. Jua lilipochomoza alizima mashine, maana umande ukikauka unga hauna pa kushika na upepo wa mchana unaupeleka kwa jirani. Alinivunjia shada la maua kutoka mti uliokuwa haujafikiwa, nao ulionekana kama umepitishwa kwenye unga wa muhogo. Kila alichokifanya asubuhi ile, kuanzia saa aliyoamka hadi saa aliyozima injini, kilikuwa matokeo ya utafiti. Yeye hakukiita hivyo. Alikiita kupulizia.

Wachumi wana hesabu moja wanayoipenda katika mjadala huu. Mwaka 1957 Mmarekani Robert Solow alichukua takwimu za nchi yake za mwaka 1909 hadi 1949, akajiuliza ongezeko la uzalishaji kwa kila saa ya kazi limetoka wapi. Alipoondoa mchango wa mtaji, alikuta umeeleza kama sehemu moja tu kati ya nane. Saba zilizobaki akaziita mabadiliko ya kiufundi. Hesabu hiyo, au kivuli chake, huletwa kwenye makongamano yetu kuthibitisha kwamba tukinunua teknolojia uchumi utapaa. Wanaoileta hawasomi upande wa pili wa daftari. Katika hesabu ya Solow mitambo na majengo vilikuwa tayari ndani ya mtaji, yaani ndani ya ile sehemu moja ndogo. Zile saba zilikuwa kila kitu kingine: kujua, kupanga, kurekebisha, kuboresha. Kwa lugha ya Newala, mashine ya kupulizia ni mtaji, na kujua kwamba isiwashwe saa nne asubuhi ndiko kuliko katika zile saba. Ukiagiza mashine elfu kumi bila ujuzi huo, umenunua mtaji, na kelele nyingi juu yake.

Kama mfano wa salfa hautoshi, tazama viwanda. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na fedha za wafadhili wengine, Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua korosho hadi vikafika 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Mitambo ilitoka kwa kampuni ya Oltremare ya Italia na Cashco ya Japani. Kwa wakati wake ilikuwa teknolojia ya kisasa, na hoja yake ilikuwa ileile tunayoisikia leo: tusiuze ghafi, tuongeze thamani. Mitambo ilifika wakati mikorosho inaanza kuugua, na baadhi ya viwanda havikuwahi kufanya kazi ipasavyo hata msimu mmoja. Mtu ataniambia, basi kosa lilikuwa la ukungu, si la mitambo. Ningekubali, lau kama mavuno yaliporudi viwanda navyo vingerudi. Havikurudi. Vilibinafsishwa, na kwa miaka mingi kadhaa kati yake vilitumika kama maghala, vikihifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda India na Vietnam. Yaani jengo lililokopewa fedha ili korosho isiuzwe ghafi likawa mahali pa kuipumzisha korosho ghafi njiani.

Ubanguaji una ugumu ambao aliyezoea kula korosho tu hawezi kuukisia. Ganda lina mafuta yanayobabua ngozi. Karanga iliyomo ndani imejipinda, na hakuna mbili zenye umbo moja. Sokoni, karanga nzima ina bei ya juu kuliko iliyopasuka, kiasi kwamba faida yote ya kiwanda imo katika asilimia ya zile zinazotoka bila ufa. Mitambo mikubwa ya miaka ile ilipasua nyingi mno ikilinganishwa na mikono ya wanawake wa Kerala, India. Hapo ndipo palipohitajika fundi wa kukaa na mtambo, kubadilisha kisu, kurekebisha mvuke, kujaribu tena kesho yake. Fundi huyo hakuwa kwenye mkataba. Mkataba ulikuwa wa mtambo.

Vietnam ilianza kubangua kwa wingi baadaye kuliko sisi. Ilianza na visu vya mkono na kanyagio, kama India. Kisha karakana ndogo za watu wa kule, nyingi zikiwa karibu na viwanda vyenyewe, zikaanza kuchonga mashine, kuziharibu na kuzichonga upya, hadi wakapata za kukata zenyewe zinazotoa karanga nzima kwa kiwango kinachokubalika. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 Vietnam iliipita India katika kuuza korosho iliyobanguliwa, na mwaka 2024 mauzo yake ya nje ya zao hilo yalizidi dola bilioni 4, huku sehemu kubwa ya malighafi ikiinunua Afrika. Leo mjasiriamali wa Mtwara akitafuta mashine ya kubangulia, kuna uwezekano mkubwa ataambiwa aagize Vietnam. Watu wale hawakuvumbua korosho, wala chuma, wala mvuke. Waliazima kila kitu. Tofauti ni kwamba walikifungua walichokiazima.

Sasa niwasikilize wanaonipinga, maana baadhi yao wana hoja nzito. Ya kwanza ni ya wachumi wa soko: zao hufuata bei. Korosho ilianguka kwa sababu bodi ya serikali ilimlipa mkulima vibaya, ikainuka baada ya biashara kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na salfa ilinunuliwa kwa sababu ililipa kuinunua. Hoja hii siwezi kuitupa. Mkulima haamki saa kumi na moja kupuliza mti ambao hautamlipa, na utafiti bora kuliko yote ungeoza kabatini kama bei ingebaki ile ya 1980. Lakini bei peke yake haifiki mwisho wa hadithi, na ushahidi tunao hapahapa. Hadi mwaka 2018, ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, ambao ni asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi, ulikuwa na utaratibu wake: asilimia 65 ilirudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao, na humo ndimo zilimotoka fedha za pembejeo na za utafiti. Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 310,000. Katikati ya 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa kusini wakapiga kelele hadi wakachoka. Mwishoni mwa mwaka huohuo bei ilikuwa nzuri kwa amri: Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuibeba. Bei ya juu, pembejeo na utafiti bila chanzo chao cha zamani. Mavuno yakashuka hadi tani 225,000 hivi msimu huo, na kufikia 2020/21 yalikuwa karibu tani 210,000.

Najua kuna waliocheleweshewa malipo mwaka ule, na mvua nayo ina siku zake, kwa hiyo sidai kwamba kila tani iliyopotea ilipotelea Hazina. Nadai kwamba bei nzuri haikutosha. Kuanzia msimu wa 2021/22 serikali ikaanza kugawa salfa na viuatilifu bure, na baada ya kuyumba msimu mmoja ambao mavuno yalishuka chini ya tani 200,000, zao likapanda hadi rekodi ile ya 2024/25. Nayo bei ya Oktoba 2024 ilikuwa na sababu ambazo skrini haikuzitengeneza: korosho ilikuwa adimu duniani mwaka ule, na sisi huvuna kati ya Oktoba na Desemba, wakati Afrika Magharibi imekwisha kuuza zake na viwanda vya Asia vinakwangua maghala. Mnada wa mtandaoni uliikuta bei hiyo ikiwa njiani. Ulichofanya, na ni jambo la maana, ni kuipitisha kwa uwazi, bila bahasha na bila minong'ono ya nani kaandika nini. Anayekumbuka kangomba, yule mnunuzi wa vichochoroni anayempimia mkulima mwenye njaa kwa kibaba, hawezi kuubeza uwazi. Ila uwazi hugawa vizuri kilichopo. Hauzai korosho.

Hoja ya pili inatoka kwa wapenda kuruka hatua, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo yenye sauti kubwa. Inasema nchi maskini hazihitaji kupita njia ndefu ya maabara, karakana na vituo vya utafiti, kwa kuwa tumeshaonyesha kwamba tunaweza kuruka: hatukusubiri simu za mezani, tukaenda moja kwa moja kwenye simu za mkononi, hatukusubiri matawi ya benki, tukapata M-Pesa. Mfano wa M-Pesa ni mzuri, tena una utafiti nyuma yake. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha mwaka 2016 makadirio kwamba huduma hiyo iliziondoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, kama asilimia 2 ya kaya zote. Lakini nani aliruka nini hapo? Chini ya M-Pesa kulikuwa na minara ya simu, umeme au jenereta za kuiendesha, wahandisi wa kuipanda, na mawakala maelfu waliokaa vibandani na daftari na fedha taslimu. Aliyeruka hatua alirukia mabega ya watu waliokuwa wamesimama imara. Halafu fedha ni taarifa, na taarifa inapita hewani. Ukungu hauko hewani kwa namna hiyo. Uko kwenye ua la mti fulani Nanyumbu, na hauna namba ya siri.

Hata akili mnemba yenyewe, ukiifuata hadi shinani, inakurudisha kituoni. Programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu na kuzungumza Kiswahili, ni moja ya kazi ninazozionea fahari. Ilijifunzaje kumtofautisha batobato na michirizi ya kahawia? Picha za mwanzo zilipigwa Bagamoyo, kwenye mashamba ya majaribio ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, na kila picha ikapewa jina la ugonjwa na wataalamu waliotumia miaka kuyatazama majani hayo kwa macho yao. Kompyuta ilifundishwa na mwalimu, na mwalimu alilipwa mshahara kwa miaka mingi kabla hajapata mwanafunzi huyo. Kenya ilizindua mkakati wake wa kitaifa wa akili mnemba mwaka 2025, Rwanda ilikuwa na sera yake tangu 2023, Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wa bara zima mwaka 2024. Sina ugomvi na nyaraka hizo. Swali langu ni kwamba miaka kumi ijayo, picha za magonjwa yetu mapya zitapewa majina na nani, ikiwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea akistaafu nafasi yake inakaa wazi?

Ya tatu ni hoja ya mwenye mfuko mdogo: utafiti ni anasa, wacha matajiri watafiti na sisi tutumie. Inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Tumetumia salfa ya wengine, chanjo za wengine na injini za wengine, na ni upuuzi kutaka kuvumbua gurudumu upya kwa ajili ya heshima. Ila Ulaya haina mikorosho. Hakuna maabara ya Ujerumani itakayoamka na kuutafutia dawa ugonjwa wa mti usiolimwa kwao. Tangu 1980, katika Mpango wa Lagos, viongozi wa Afrika wamekuwa wakiahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, wakarudia ahadi hiyo Khartoum mwaka 2006, na bado Kusini mwa Sahara wastani uko chini ya nusu asilimia. Korea Kusini inatenga asilimia 5 hivi. Simlinganishi mbuzi na tembo. Naonyesha tu kwamba aliyekwisha kutajirika ndiye anayezidi kulipa, wakati sisi tunaambiana kwamba tutaanza tukitajirika.

Kama ninayoyasema yana ukweli, basi kuna mambo ya kubadilisha ambayo hayapendezi kwenye picha za uzinduzi. Sehemu ya ushuru wa korosho inayokwenda kwenye utafiti inapaswa kufungwa kwa sheria ambayo waziri mmoja hawezi kuifungua katika Bunge la bajeti moja, kwa sababu mkorosho unachukua miaka kadhaa kuonyesha kama aina mpya ni nzuri, na jaribio lililokatwa mwaka wa tatu linakuwa limetupa na ile miaka miwili ya kwanza. Salfa ya bure ifike Mei. Ikifika Agosti ni mzigo wa ghalani, hata kama namba za magunia yaliyogawiwa zitasomeka vizuri kwenye hotuba. Hapa mfumo wa kidijitali una kazi ya kweli: daftari la wakulima lenye idadi ya mikorosho ya kila mmoja linaweza kueleza gunia ngapi ziende kijiji gani kabla ya maua. Ningefurahi kuona sifa zinazomwagiwa skrini ya mnada zikihamia kwenye daftari hilo.

Kwenye ubanguaji, kabla ya kuwaza marufuku ya kuuza ghafi, tuwaangalie Msumbiji. Miaka ya 1990 walilazimishwa na Benki ya Dunia kulegeza ulinzi wa viwanda vyao, viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Lilikuwa kosa la aliyelazimisha. Lakini walipoanza kufufuka miaka ya 2000 walianza na viwanda vidogo vya mchanganyiko wa mikono na mashine, vilivyoweza kutengenezwa na fundi wa palepale. Sisi tuna SIDO, shirika la viwanda vidogo, tangu 1973, tuna TEMDO Arusha iliyoundwa kwa kazi ya kusanifu mitambo, tuna vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaochomelea mageti na madirisha kwa ustadi mkubwa. Mtambo mmoja wa Vietnam, ukipelekwa karakana badala ya kiwandani, ukafunguliwa hadi nati ya mwisho na watu wakalipwa miaka mitano kuuchonga upya kwa ukubwa wa korosho za Tandahimba, unaweza kutufaa kuliko mitambo hamsini iliyofungwa nembo ya dhamana inayokataza kuigusa.

Wakati tunabishana, mwaka 2012 huko Mkuranga ilionekana mikorosho inayokauka tawi baada ya tawi hadi mti mzima unakufa. Watafiti waliuita mnyauko fusari. Nao ni ukungu, lakini unakaa ardhini na kuingia kwa mizizi, kwa hiyo wingu la njano la alfajiri haliufikii. Ubwiriunga uliporipotiwa mwaka 1979 ulikuta kituo kimesimama na watu wake wamo. Kazi ya kutafuta mikorosho inayoustahimili mnyauko imeanza, Naliendele palepale, kwenye safu za miche ambayo baadhi yake itapewa ugonjwa makusudi ili ionekane ni ipi itabaki hai.